Vidudu vya kidonda cha Ami vilitoka wapi?

Siku ya sita baada ya upasuaji, bandeji ya ami yangu ililowa. Haikuwa damu. Yalikuwa maji ya rangi ya tope, na harufu yake kila mtu aliijua ila hakuna aliyetaka kuitaja. Alfajiri ile homa ilikuwa imempanda na tumbo limekaza kama ngoma. Kabla ya adhuhuri wakamrudisha thieta.

Nje ya wodi shangazi alikuwa ameshatoa hukumu. "Ni hawa manesi. Nimewaona kwa macho yangu, watoka kitanda hiki waenda kitanda kile na mikono ile ile." Daktari aliyekuja kutueleza alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukesha. Alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema kwa upole, "Bi mkubwa, sikatai. Lakini vidudu hivi, nionavyo mimi, mzee alikuja navyo mwenyewe kutoka nyumbani."

Masikini, hakujua alichokisema. Shangazi alisikia nduguye ameitwa mchafu, mtu anayeoga mara tatu kwa siku na kufukiza kanzu zake udi. Kwa siku tatu nyumbani kwetu Majengo, Mombasa, hapakuzungumzwa jingine.

Mimi si daktari, ila nimezoea kusoma tafiti za afya na kuziandika kwa lugha ya nyumbani, na neno lile lilinikaa kichwani. Nilipolifuatilia nikakuta kwamba kijana hakuwa akijitetea. Alikuwa akisema, kwa maneno manane au tisa, jambo ambalo madaktari wa upasuaji wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka sabini.

Tuanze na hao wenyeji, yaani bakteria wanaoishi ndani ya mwili wa kila mtu. Mwaka 2016 watafiti wa Israeli na Kanada walipiga hesabu upya wakapata kwamba mwanamume wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38 mwilini, ilhali seli zake mwenyewe ni trilioni 30 hivi. Kabla ya hapo vitabu vilikuwa vikinakiliana kwamba bakteria ni kumi kwa kila seli moja. Si kweli, lakini hata hivyo wanatushinda kwa idadi. Ukiwaweka wote kwenye mizani hawafiki robo kilo, na karibu wote wamejazana kwenye utumbo mpana.

Hawako pale bure. Mbaazi, kunde, mchicha, muhogo na mtama vina nyuzinyuzi ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga. Hufika utumbo mpana nzimanzima, na bakteria ndio wanaozichachusha. Wakizila hutoa asidi ndogondogo, na mojawapo, inayoitwa butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo huo. Kwa maneno mengine, sakafu ya utumbo wako hailishwi na damu peke yake; inalishwa na wapangaji. Wapangaji wakifa njaa, sakafu inadhoofika, na ule ute mzito unaoifunika huanza kuliwa na bakteria wenyewe kwa kukosa kingine.

Kazi yao ya pili ni kukaa tu. Anayeijua baraza ya Mji wa Kale baada ya alasiri ataelewa mara moja: wazee wameshajipanga, kahawa imeshamiminwa, na mgeni mwenye nia mbaya hana hata pembe ya kuketi. Nafasi imejaa, chakula kimegawanywa, na baadhi ya wenyeji hutoa kemikali za kumfukuza asiyetakiwa. Katika baraza hiyo hiyo wapo wachache ambao tabia zao si nzuri, lakini maadamu wamezungukwa na wengine hutulia. Majina yao yataonekana tena humu: *Pseudomonas aeruginosa* na *Enterococcus faecalis*.

Siku baraza inapovunjwa

Sasa mtazame mgonjwa wa upasuaji mkubwa, kwa macho ya bakteria wa tumboni mwake. Jana usiku chakula kilikatika. Leo asubuhi antibayotiki imepita kwenye mshipa na kuwafagia maelfu ya wenyeji waliokuwa hawana kosa. Kisha kisu. Damu inapungua tumboni kwa sababu mwili umeipeleka kwenye moyo na ubongo. Dawa za maumivu za jamii ya mofini zinaufanya utumbo usimame, yaliyomo yanabaki hapo hapo kama maji ya mtaro ulioziba. Na mara nyingi kuna dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na asidi hiyo ndiyo geti la kwanza la kuzuia vidudu vya kutoka kinywani. Yote hayo ndani ya siku moja.

Hapa ndipo kazi ya John Alverdy, daktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Chicago, ilipobadilisha mazungumzo. Wengi walikuwa wakidhani mgonjwa anazidiwa kwa sababu bakteria wamekuwa wengi au kinga imeshuka. Yeye na wenzake walionyesha kwamba bakteria mmoja mmoja anaweza kubadili tabia. *Pseudomonas* ana uwezo wa kunusa hali ya mwili anamoishi. Mwili ukiumia hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, ndugu wa mofini, na *Pseudomonas* huitambua mojawapo na kuanza kujihami kwa sumu. Tena anapima fosfeti. Baada ya upasuaji mkubwa kiwango cha madini hayo hushuka, na kwake hiyo ni ishara kwamba meli inazama. Kuanzia hapo halindi tena nyumba anayoishi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, vijiminyoo vya maabara vilivyolishwa bakteria huyu akiwa amenyimwa fosfeti viligeuka vyekundu matumboni vikafa. Fosfeti ilipokuwa ya kutosha vilinusurika. Bakteria ni yule yule, idadi ni ile ile. Kilichobadilika ni njaa yake.

Mimi jambo hili lilinishangaza kuliko yote niliyosoma. Tumelelewa kuamini kwamba kuna vidudu vizuri na vidudu vibaya, kama askari na wezi. Kumbe mara nyingine askari mwenyewe ndiye mwizi, akicheleweshewa mshahara.

Turudi kwa Ami. Yeye utumbo wake ulijisokota, ule mwisho mwisho wa utumbo mpana, ukajifunga kama mpira wa bustani uliopindana. Alifika hospitali usiku, tumbo limejaa upepo. Wakakata kipande kilichokuwa kinaanza kufa, wakaunganisha ncha mbili zilizobaki kwa mshono. Kilichofumuka siku ya sita ni maungio hayo.

Kufumuka kwa maungio ni jinamizi la kila daktari wa upasuaji wa tumbo. Kwenye sehemu za juu za utumbo mpana huwapata wagonjwa wachache katika mia. Ukishuka karibu na njia ya haja kubwa huweza kufika mmoja katika kumi au zaidi. Kwa miaka mingi lawama zilienda kwa fundi. Uzi ulikazwa mno, uzi ulilegea, damu haikufika, kitambaa kilivutwa. Na ni kweli mafundi hutofautiana, hilo mshonaji yeyote wa kanzu atakuambia. Lakini kila daktari anao wagonjwa ambao mshono ulikuwa safi, damu inapita vizuri, na bado siku ya sita bandeji ikalowa.

Fununu ilipatikana zamani. Mwaka 1955 huko New Orleans, Isidore Cohn na mwenzake walikata utumbo wa mbwa, wakauunganisha, kisha kwa makusudi wakaziba damu inayolisha maungio. Kwa kanuni zote yalipaswa kuoza. Kundi moja lilitiliwa antibayotiki kwa mrija moja kwa moja pale kwenye mshono, na maungio yakashika. Kundi lililotiliwa maji ya chumvi yakafumuka. Maana yake ukosefu wa damu peke yake haukuwa muuaji, ulihitaji mshirika.

Mshirika huyo alipewa jina miaka sitini baadaye. Mwaka 2015 timu ya Chicago ilichunguza panya waliounganishwa utumbo, ikamkuta *Enterococcus faecalis*. Huyu, ngozi ya utumbo ikishakatwa, hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni, yaani zile nyuzi ngumu ambazo mwili huzifuma ili kidonda kishikane. Tena huuamsha mwili wa mgonjwa utoe kimeng'enya chake wenyewe cha kubomoa. Daktari anashona kwa juu, bakteria anafumua kwa chini. Na hili la kutia akilini: antibayotiki iliyopitishwa kwenye mshipa, vile vile inavyofanywa hospitalini kila siku, haikumwondoa bakteria huyo pale kwenye maungio wala haikuzuia kufumuka. Iliyopakwa papo hapo ndani ya utumbo ilizuia.

Panya si watu, najua. Lakini nikikumbuka rangi ya yale maji kwenye bandeji ya Ami, naona nimeelewa kitu ambacho hakuna mtu kwenye ule ukumbi aliyekuwa na nafasi ya kutueleza.

Shangazi naye ana haki yake

Je, kuna ushahidi kwa watu? Upo, na mmoja wa karibuni hauhusu hata tumbo. Mwaka 2024 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 204 wa upasuaji wa uti wa mgongo. Kabla ya kisu walichukua sampuli puani, kwenye ngozi na kwenye njia ya haja kubwa, wakasoma vinasaba vya bakteria waliowapata. Wagonjwa waliopata usaha baadaye, bakteria wa kidonda walilinganishwa na wale wa mwanzo. Asilimia 86 ya maambukizi yalitoka kwa bakteria ambao mgonjwa alikuwa nao tayari kabla hajaingia thieta. Na zaidi ya nusu ya bakteria hao walikuwa sugu kwa antibayotiki iliyotolewa kuwazuia. Kijana wetu mwenye macho mekundu angeweza kuuchapisha utafiti huo na kuubandika mlangoni.

Ila usimwambie shangazi bado. Hospitali za Seattle zina maji, sabuni, glovu na wauguzi wa kutosha. Uchafu wa mikono umeshapunguzwa mpaka kinachobaki ni cha mgonjwa mwenyewe. Kwetu hesabu ina pande mbili. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 12,539 wa upasuaji wa tumbo katika nchi 66, ulikuta maambukizi ya kidonda kwa asilimia 9.4 katika nchi zilizoendelea sana na asilimia 23.2 katika nchi za hali ya chini. Tumbo la Mwafrika halina bakteria wabaya mara mbili na nusu kuliko la Mzungu. Pengo hilo lina mengine ndani yake: mgonjwa kufika amechelewa, thieta kukatika maji, muuguzi mmoja kwa wodi nzima.

Mwaka huo huo utafiti mwingine uliwafuata wagonjwa 11,422 wa upasuaji katika nchi 25 za Afrika kwa wiki moja. Walikuwa vijana na wenye afya bora kuliko wagonjwa wa kwingineko, lakini waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, na tatizo lililotokea zaidi ya yote ni maambukizi. Tena kuna dawa inayojulikana. Hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilifuata mpango wa Shirika la Afya Duniani: mgonjwa aoge kabla, nywele zisinyolewe kwa wembe, mikono isafishwe sawasawa, ngozi ipakwe dawa inayofaa, antibayotiki itolewe kwa wakati wake na isiendelezwe ovyo baadaye. Maambukizi ya kidonda yakashuka kutoka asilimia 8.0 hadi 3.8. Mikono ile ile ambayo shangazi aliiona ina uzito, na hakukosea kuikodolea macho.

Kwa hiyo mgonjwa wa Mombasa yumo kati ya moto miwili, wa nje na wa ndani. Wa nje umeshaandikiwa mengi. Wa ndani ndio nitakaoendelea nao.

Njia kongwe ya kuukabili ni haluli, dawa ya kuharisha. Safisha tumbo, toa kila kitu, kisha kata. Inaingia akilini, na kwa miongo mingi hakuna aliyeihoji. Shida ni kwamba haluli huondoa kinyesi, haiondoi bakteria. Wanaobaki wameshikamana na ukuta, na maji maji yanayobaki humwagika kirahisi kuliko kinyesi kigumu. Majaribio makubwa ya Ulaya ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba haluli peke yake haimlindi mgonjwa.

Lakini haluli pamoja na vidonge vya antibayotiki vya kumeza ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1977 hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani zilitoa matokeo ambayo hadi leo ukiyasoma unatikisa kichwa. Wagonjwa wote walisafishwa tumbo. Nusu wakapewa vidonge vya neomaisini na erithromaisini siku moja kabla, nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopata maambukizi walikuwa asilimia 43 kwa kundi la vidonge visivyo na dawa, na asilimia 9 kwa kundi la dawa. Asilimia 43 kwa 9! Siku hizo antibayotiki ya mshipa haikuwa desturi, kwa hiyo leo tofauti haiwezi kuwa kubwa kiasi hicho, lakini wazo lilikuwa limesimama: dawa ipite pale pale bakteria walipo. Ndilo walilolikuta Chicago kwa panya miaka 38 baadaye.

Kilichofuata ni kichekesho cha sayansi. Nchi nyingi za Ulaya zilipoitupa haluli zikavitupa na vidonge, kama mtu anayemwaga maji ya kuogea na sabuni ndani. Baadaye mjadala ukafufuka, na matokeo hayakwenda upande mmoja. Ufini mwaka 2019 waliwalinganisha wagonjwa wa utumbo mpana waliopewa haluli na vidonge na wale wasiopewa chochote, wasipate tofauti. Wafini hao hao, mwaka 2024, wakajaribu kwa upasuaji wa rektamu, kule chini ambako hatari ni kubwa zaidi, safari hii wote wakipewa haluli na nusu wakiongezewa vidonge. Maungio yalifumuka kwa asilimia 13.5 bila vidonge, na asilimia 5.8 kwa waliovimeza. Mimi naisoma hivi: pale hatari ilipo ndogo vidonge havina cha kuokoa, pale hatari ilipo kubwa vina kazi. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri kwamba haluli kwa upasuaji wa utumbo mpana iambatane na vidonge, isitolewe peke yake.

Ami hakupata haluli wala vidonge, na hakuna wa kulaumiwa. Utumbo uliojisokota hausubiri; ukimpa mgonjwa haluli hapo unaweza kumpasua.

Kinacholiwa kabla ya kisu

Daktari Denis Burkitt alifanya upasuaji Uganda tangu mwaka 1946 hadi miaka ya sitini. Anakumbukwa zaidi kwa saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake, lakini kuna jambo jingine alilolishika: wagonjwa wake wa vijijini hawakuwa na maradhi ya utumbo aliyoyazoea Uingereza. Kidole tumbo kilikuwa nadra, saratani ya utumbo mpana nadra. Akaanza kupima, bila aibu, muda ambao chakula huchukua kutoka kinywani mpaka chooni, na uzito wa kinachotoka. Watu wa vijijini walitoa kingi na kwa haraka. Waingereza kidogo na kwa kuchelewa. Akasema ni nyuzinyuzi. Wenzake walimcheka kidogo, kisha wakaacha kucheka.

Mwaka 2015 wazo lake lilipata jaribio. Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Waliokula kama Waafrika, butireti yao ikapanda na dalili za uvimbe kwenye ukuta wa utumbo zikashuka. Waliokula burga na vinavyofanana nazo wakaenda kinyume. Wiki mbili tu. Mwaka 2025 jambo kama hilo likafanywa jirani kabisa, kaskazini mwa Tanzania, kwa wanaume 77. Waliozoea vyakula vya asili wakapewa vya kizungu, na katika wiki mbili protini za uvimbe zikapanda kwenye damu na seli za kinga zikazubaa mbele ya vidudu. Waliozoea vya mjini wakapewa vya asili, mambo yakageuka. Kundi la tatu walikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja, nao pia wakanufaika. (Nilipokuwa nikimsomea shangazi, hapa niliparuka.)

Hakuna hata mmoja katika hao aliyepasuliwa, na hapo lazima niwe mwangalifu. Kinachounganisha chakula na kisu ni panya wa Chicago tena. Mwaka 2019 walilisha kundi moja la panya mlo wa mafuta mengi kwa wiki sita na kundi jingine mlo wa kawaida wenye nyuzi. Wote wakapewa antibiotiki, wakanyimwa chakula kwa muda, wakakatwa kipande cha ini katika mazingira safi kabisa. Wa mlo wa kawaida waliinuka. Wa mlo wa mafuta wengi walikufa kwa maambukizi yaliyosambaa mwilini, na bakteria waliowaua walikuwa wa tumboni mwao wenyewe, sugu kwa dawa nyingi. Hakuna aliyewaambukiza.

Nimekaa Mombasa umri wangu wote na nimeona sahani zikibadilika. Mkate wa mofa bado unaokwa Mji wa Kale, mbaazi za nazi bado zauzwa asubuhi na mahamri. Lakini ukipita Mwembe Tayari saa tatu usiku, foleni iko kwenye chipsi na soseji, na ndicho chakula cha jioni cha watu wengi wenye kazi za kuchosha. Siwalaumu, mafuta yanashibisha na ni ya haraka. Nasema tu kwamba tumbo la kizazi hiki likifika thieta si lile alilolikuta Burkitt.

Kuna kejeli ndani ya hili pia, nami sitaificha. Utumbo kujisokota, maradhi ya Ami, ni miongoni mwa machache ambayo madaktari huyahusisha na utumbo mrefu na mlo wenye nyuzi nyingi, na ni ya kawaida zaidi Afrika kuliko Ulaya. Chakula kimoja hakimlindi mtu na kila kitu.

Jambo linaloharibu baraza ya tumboni kuliko chipsi zote ni duka la dawa la mtaani. Kohozi, amoksili. Tumbo kuuma, flagili. Vidonge vinne leo, viwili kesho, vilivyobaki vinawekwa kabatini mpaka mtoto ashikwe na mafua. Kila dozi ya namna hiyo inawafagia wapole na kuwaacha wagumu. Ule utafiti wa nchi 66 ulipima bakteria wa vidonda: katika nchi za hali ya chini asilimia 35.9 walikuwa sugu kwa antibayotiki ile ile aliyopewa mgonjwa kumkinga. Yaani zaidi ya theluthi moja ya ngao zilikuwa zimeshatoboka kabla vita havijaanza. Anayesubiri upasuaji amwambie daktari alimeza nini miezi ya karibuni. Hata kama anaona haya.

Na probayotiki, vile vidonge vya bakteria wazuri? Kuna majaribio madogo mengi yanayoonyesha kwamba hupunguza maambukizi baada ya upasuaji wa tumbo, na kuna moja kubwa linalonifanya nisimshauri mtu ajinunulie. Uholanzi, mwaka 2008, wagonjwa 296 wa kongosho iliyovimba vibaya. Nusu wakapewa mchanganyiko wa bakteria sita ulioaminika kuwa salama. Katika kundi hilo walifariki asilimia 16. Katika kundi lisilopewa, asilimia 6. Wengine waliopewa utumbo wao ulikufa kwa kukosa damu. Bakteria anayefaa kwa mtu asiye mgonjwa anaweza kuwa mzigo kwa utumbo unaohema. Maziwa lala mezani kwa mtu mwenye afya ni chakula. Kidonge kwa mgonjwa mahututi ni dawa, na dawa ina mwenyewe wa kuiandika.

Kufunga kula nako kumebadilika, ingawa desturi haijabadilika. "Usile wala kunywa kuanzia saa sita usiku" ni agizo ambalo kila familia inalijua. Miongozo ya sasa, kwa mtu asiye na tatizo la tumbo kuchelewa kumwaga chakula, huruhusu chakula chepesi mpaka masaa sita kabla ya nusukaputi, na maji matupu mpaka masaa mawili kabla. Mgonjwa wa kitanda cha pili kutoka kwa Ami alikaa bila tone tangu usiku, zamu yake ikasogezwa, ikasogezwa tena, akaingia thieta karibu na magharibi. Wakati huo wenyeji wake nao walikuwa na njaa.

Ami aliamka kutoka upasuaji wa pili na mfuko wa kupokea kinyesi ubavuni. Miezi imepita, amenenepa kidogo, anatania na watoto. Mwezi ujao ataenda kuunganishwa tena, na safari hii si dharura: kuna tarehe, kuna nafasi ya kuuliza. Tulikwenda kliniki wote watatu. Daktari alikuwa yule yule, macho yake meupe siku hiyo. Ami akamuuliza, "Mwanangu, hiyo haluli utanipa pamoja na vidonge, au haluli kavu?"

Kijana aliacha kuandika akamtazama, kisha akanitazama mimi. Alieleza kwamba kwake yeye itategemea watakachokiona kwenye kipimo, kwa kuwa sehemu ya chini ya utumbo imekaa bila kazi muda mrefu, na akavitaja vidonge kwa majina. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua mkoba wake, akatoa chupa ndogo ya sabuni ya mikono ya kupaka, akaiweka juu ya meza mbele yake, akaisukuma taratibu kwa kidole mpaka ikagusa faili.

"Na hii ni yako, mwanangu," akasema. "Vya ndani tutavishughulikia sisi."